Shajara ya mradi: chumba cha kuoshea skopu, kliniki ya wagonjwa wa nje, Dodoma

Kliniki iko Dodoma mjini na inahudumia wagonjwa wa nje tu. Mgonjwa anakuja asubuhi akiwa amefunga, anapimwa kwa skopu (mrija wenye kamera unaoingizwa mwilini), anapumzika, mchana anaondoka. Vifaa vilivyopo ni gastroskopu (skopu za tumbo) 2 zenye njia ya biopsi, yaani ya kupitishia koleo la kuchukua kinyama, ya milimita 2.8, na kolonoskopu (skopu ya utumbo mpana) 1 ya milimita 3.7. Mashine ya kuoshea skopu hakuna, kila kitu kinaoshwa kwa mkono.

Mipaka ya mradi iliwekwa mapema. Bronkoskopu, skopu ya mapafu, haitaingia: chumba chake kinatakiwa kubadilisha hewa mara 12 kwa saa na kuvuta hewa ndani badala ya kuitoa korido, na jengo hili haliwezi. Duodenoskopu, skopu ya mwanzo wa utumbo mdogo, nayo haitaingia. Kile kijiko kidogo cha kwenye ncha yake kina mikunjo ambayo brashi haifiki vizuri, na Februari 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari baada ya bakteria sugu kupita kwa wagonjwa kupitia skopu ambazo zilikuwa zimeoshwa kwa kufuata maelekezo. Kifaa kinachoshinda hospitali kubwa zenye mashine hakina sababu ya kununuliwa na kliniki yenye sinki mbili.

Mei: ratiba kwanza

Kazi ilianza na ratiba ya wagonjwa, maana ratiba ndiyo inayovunja kanuni nyingine zote. Muda wa kuosha gastroskopu moja bila kukimbia ni huu: kusafisha kitandani dakika 3, kubeba na kupima uvujaji 5, sabuni na brashi 15, kusuuza sabuni 3, dawa ya kuua vimelea 12, kusuuza dawa 6, spiriti na hewa 12. Jumla dakika 56. Kolonoskopu inaongeza dakika 10 hivi kwa sababu ni ndefu na inarudi chafu zaidi.

Muoshaji ni mmoja. Skopu moja ikiwa ndani ya dawa anaweza kuanza nyingine, kwa hiyo kwa wastani skopu safi inatoka kila dakika 40. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana ni dakika 300, yaani skopu 7. Tumeweka wagonjwa 6 kwa siku. Nafasi iliyobaki ni ya umeme kukatika, ya skopu kuvuja, na ya ile skopu ya mwisho ambayo lazima ioshwe kabla muoshaji hajavua gauni.

Shinikizo la kuongeza wagonjwa lipo na lina sababu. Mtu aliyetoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni kwa basi la alfajiri, tumbo tupu, hapendi kuambiwa arudi kesho. Lakini wagonjwa 9 wakiingizwa kwenye ratiba ya 6, dakika zinakatwa mahali ambapo hakuna anayeona. Kwanza kukausha, kisha brashi, mwisho dakika 12 za dawa zinageuka 8. Skopu inatoka inang'aa vilevile. Ndiyo maana kuanzia sasa mpokezi hafungui nafasi ya 7 mpaka muoshaji akubali, na daktari hana kura hapo. Wanaotoka mbali wanapewa nafasi za kwanza asubuhi. Anayetapika damu haingojei ratiba, anapelekwa hospitali ya rufaa.

Juni: chumba, hewa, baridi

Chumba cha kuoshea ni mita 3.2 kwa 4, dari mita 2.8. Ujazo ni mita za ujazo 36. Kubadilisha hewa mara 10 kwa saa kunataka feni ya kunyonya inayotoa mita za ujazo 360 kwa saa ikiwa imeshafungwa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni ni ya hewa isiyo na kizuizi. Ukiweka bomba, kona na wavu wa kuzuia wadudu inashuka sana, kwa hiyo tulichagua feni ya ukubwa unaofuata. Mdomo wa kunyonya uko chini, usawa wa beseni la dawa, kwa kuwa mvuke wa dawa hizi ni mzito kuliko hewa. Feni iliyowekwa juu darini inauvuta mvuke upite usoni kwa muoshaji kwanza. Wavu unapigwa brashi kila Jumamosi. Miezi ya upepo unaziba kwa wiki moja.

Mlango wa skopu chafu uko kusini, kidirisha cha skopu safi kiko kaskazini, na kitu hakirudi nyuma. Kati ya sinki chafu na meza safi kuna kizuizi cha aluminiamu na kioo, maana nafasi ya mita 1 peke yake isingetosha kuzuia matone ya brashi.

Jiki imetolewa kabisa chumbani humu. Kwenye zahanati nyingi mazoea ni kutumbukiza kila kifaa kilichotumika kwenye klorini ya asilimia 0.5 (jiki ya 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6) kwa dakika 10 kabla ya kuosha. Klorini inakula metali na kukausha mpira wa skopu, na mtu mgeni akikuta ndoo ya jiki karibu na sinki atafanya alichozoea. Kwa sakafu na damu iliyomwagika inafaa, basi inakaa stoo ya usafi.

Dawa ya kuua vimelea tuliyochagua ni OPA (ortho-phthalaldehaidi) ya asilimia 0.55. Glutaraldehaidi ya asilimia 2 ni rahisi kuipata na bei yake ni nafuu, ila mvuke wake unawasha macho na kifua, na inagandisha protini: damu iliyobaki kwenye njia ya skopu inashika kama yai kwenye kikaango, ukipitisha brashi baadaye haitoki. OPA nayo inagandisha protini, lakini mvuke wake ni mdogo na muda wake kwa mkono ni dakika 12 kwa nyuzi 20. Asidi ya perasetiki ingekuwa bora kuliko zote mbili kwa upande wa protini. Kinachoiangusha ni maisha mafupi ikishachanganywa.

Hiyo nyuzi 20 ndiyo iliyotupa kazi. Watu wanaiona Dodoma kama mji wa jua, lakini usiku wa Juni na Julai joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14, na beseni lililolala kwenye chumba cha sakafu ya vigae saa 1 asubuhi haliko kwenye 20. Dawa iliyopoa haifanyi kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Sasa kuna kipimajoto ndani ya beseni na safu ya joto kwenye daftari. Hita ya chumba inawashwa saa 12 na nusu asubuhi; skopu haiingii mpaka kipimajoto kisome 20. Kuweka dawa juu ya jiko au kuongeza maji ya moto ni marufuku, la kwanza linatoa mvuke na la pili linazimua dawa.

Julai: kuosha, hatua kwa hatua

Hapa ndipo mwezi mzima ulipokwenda. Dawa inaua kile inachokigusa tu, na ute uliobaki ndani ya njia unaikinga bakteria isiguswe. Tukilazimika kuchagua kati ya sabuni nzuri na brashi nzuri kwa upande mmoja na dawa ya bei mbaya kwa upande wa pili, pesa inaenda kwenye brashi.

Kitandani. Skopu ikitoka kwa mgonjwa, kabla haijachomolewa kwenye mashine, msaidizi anafuta mrija kutoka kwenye kishikio kwenda kwenye ncha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa sabuni ya vimeng'enya. Mkono hauendi na kurudi; ni mara moja, kitambaa kinatupwa. Ncha inaingia kwenye sabuni, saksheni (njia ya kunyonya) inavuta mpaka kinachopita kwenye mpira kiwe safi. Njia ya hewa na maji ina vali yake ya kusafishia. Inawekwa mahali pa vali ya kawaida na kupulizwa sekunde 30. Njia hii ni nyembamba mno kwa brashi, hivyo ikikauka na damu ndani hakuna cha kuifufua. Skopu inasafiri kwenye trei yenye mfuniko wenye alama nyekundu, mzunguko wake ukiwa mlegevu.

Kutoka hapo saa inahesabu. Kuosha kuanze ndani ya saa 1. Ikipita, kwa mfano umeme au maji vikikatika, skopu inalowekwa kwenye sabuni kwa muda mrefu zaidi kama kitabu chake kinavyoelekeza, na daftari linaandikwa.

Kupima uvujaji. Kwanza kifuniko cha kuzuia maji kwenye plagi ya video. Ukisahau hiki kifuniko hata kipimo chenyewe kinaua skopu. Unapandisha shinikizo skopu ikiwa kavu, unaangalia mshale kama unashuka, ndipo unaizamisha kwenye maji safi yasiyo na sabuni, kwa kuwa povu linaficha mapovu. Zungusha magurudumu ncha iende pande zote nne, maana tundu dogo kwenye mpira wa shingo linafunguka likipindwa tu. Mapovu machache ya mwanzo yanayotoka kwenye mikunjo ni hewa iliyonaswa. Povu moja baada ya jingine kutoka palepale ni tundu. Ukiliona, usishushe shinikizo. Toa skopu majini kwanza, ifute, ifungie na kadi, mwite mhandisi wa vifaa tiba. Kuizamisha kwenye dawa "ili angalau iwe safi" kunaingiza dawa kwenye kamera, na matengenezo yanakuwa ya bei ya karibu na skopu mpya.

Matundu yanatoka sehemu zilezile kila mahali: koleo la biopsi lililofunguliwa likiwa bado ndani ya njia, mgonjwa kung'ata mrija kwa sababu kidhibiti mdomo kimeteleza, na mfuniko wa sanduku kubana mpira.

Sabuni na brashi. Kipimo cha sabuni yetu ni mililita 5 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, sinki imechorwa mstari wa lita 20, hivyo ni mililita 100 kwa sirinji. Kumimina kwa kukadiria kumekatazwa: ikiwa kidogo haifanyi kazi, ikizidi haisuuziki. Maji ya moto sana yanaharibu vimeng'enya. Sabuni ya skopu moja haioshi ya pili. Vali zote zinatolewa na kuoshwa pembeni, huku zikibonyezwa ndani ya maji.

Brashi inapita njia tatu, na ya kusahaulika ni ya pili. Ya kwanza, kutoka kwenye tundu la vali ya saksheni, ukiinamisha brashi nyuzi 45, mpaka itokeze kwenye ncha. Ya pili, kutoka tundu lilelile ukiisimamisha wima, kwenda kwenye plagi ya taa. Mtu asiyeoneshwa kwa mkono anadhani ameshamaliza na ya kwanza, kumbe ule mpira wa upande wa plagi umebeba kila kilichovutwa kwa siku nzima. Ya tatu ni tundu la biopsi. Kila brashi ikitokeza upande wa pili, nywele zake zinasuguliwa kwa vidole ndani ya maji kabla ya kurudishwa. Rudia mpaka itoke bila rangi. Kisha ile brashi fupi nene inazungushwa ndani ya matundu ya vali yenyewe, pale ukingo wa chuma unapokutana na plastiki: ukimulika kwa tochi utaona pete nyembamba ya kahawia ambayo kwa jicho la kawaida ni kivuli. Pete ile ndiyo tunayoitumia kufundishia.

Yote hayo yanafanyika chini ya maji. Brashi ikitolewa hewani inarusha matone usoni, ndiyo maana ngao ya uso inavaliwa hata na mwenye miwani. Gauni lisilopitisha maji, glovu ndefu za nitraili, viatu vya kufunika vidole. Chanjo ya homa ya ini B kwa muoshaji, dozi za mwezi 0, 1 na 6, ni sharti la kuanza kazi.

Jambo moja kuhusu dawa ya kuondoa povu tumboni, simethikoni. Inaacha mabaki ndani ya njia ambayo kuosha kwa kawaida hakuyaondoi, na yanashika unyevu. Imeondolewa kwenye chupa ya maji ya skopu. Daktari akiihitaji anaipitisha kwa sirinji kwenye njia ya biopsi, kiasi kidogo, na muoshaji anaambiwa.

Agosti: maji na vumbi

Maji ya mji yanatoka kwenye visima vya bonde la Makutupora na wakazi hawahitaji kuambiwa kuhusu chumvi yake. Birika la chai linaeleza. Kwenye skopu, ule utando mweupe wa birika unajengeka ndani ya njia ya hewa na maji, unapunguza msukumo na kuwapa bakteria mahali pa kujishikiza. Kwa sabuni na suuzo la kwanza, maji ya bomba yaliyopita chujio la mchanga na kilainishi yanatosha. Suuzo la mwisho haliruhusiwi maji hayo.

OPA inasuuzwa mara tatu, kila mara maji mapya, lita 8, dakika 1 ya kuzama, na kila njia inapitishiwa angalau mililita 100. Ni lita 24 kwa skopu, na kwa wagonjwa 6 ni lita 144 za maji yaliyochujwa kila siku. Hiyo namba ndiyo iliyoamua ukubwa wa mtambo wa kuchuja, na ndiyo inayowashawishi watu kusuuza mara moja tu. Dalili ya suuzo pungufu ni rahisi: OPA inaacha doa la kijivu kwenye ngozi. Kidole chenye kijivu au kitambaa cheupe kilichobadilika rangi maana yake mgonjwa anayefuata angepata dawa hiyo hiyo kwenye utumbo.

Fundi wa kwanza alipendekeza chujio la mikroni 0.2 liwekwe kabla ya tanki la akiba. Tumelihamisha. Maji yaliyosafishwa hayana klorini tena, yakilala kwenye tanki la joto yanafuga bakteria wa Pseudomonas bila shida, na chujio likiwa kabla ya tanki halisaidii kitu. Limewekwa mwisho kabisa, sentimita chache kabla ya mdomo wa bomba. Kipande cha mpira baada ya chujio kikiwa kirefu, ni tanki jingine dogo.

Upepo wa Julai na Agosti ulileta vumbi jekundu hadi kwenye meza safi. Madirisha ya chumba hiki yamefungwa kwa silikoni. Hewa inaingia kupitia chujio la mlangoni tu. Kufagia kwa ufagio kumekoma, ni kudeki kwa kitambaa chenye unyevu.

Stripu za kupimia OPA zinatumika kabla ya kila skopu. Kiwango cha chini ni asilimia 0.3. Beseni linamwagwa siku ya 14 hata kama stripu inapita, na linamwagwa siku ya 3 kama stripu imekataa. Inapokataa mapema, karibu kila mara chanzo ni skopu kuingizwa ikichuruzika maji ya suuzo, kidogo kidogo dawa inazimuliwa. Chanzo cha pili ni kichupa cha stripu kuachwa wazi. Dawa iliyochoka haimwagwi moja kwa moja, kwa kuwa kliniki inatumia shimo la maji taka na bakteria wa shimo wanahitajika. Inatiwa glisini gramu 25 kwa kila lita 3.8, inakaa saa 1, ndipo inamwagwa.

Septemba: otoklevu, koleo, sindano

Skopu inagusa utando wa ndani bila kuutoboa, kwa hiyo kuua vimelea kwa kiwango cha juu kunakubalika. Koleo la biopsi linatoboa. Ni lazima litakaswe, yaani vimelea vyote vife, au liwe la kutumika mara moja. Mgawanyo huu ni wa Earle Spaulding na una zaidi ya nusu karne. Koleo la kurudia lina waya uliosokotwa kama springi, damu inaingia katikati ya mizunguko, na bila mashine ya mawimbi ya sauti haitoki. Otoklevu yetu, chombo cha kutakasa kwa mvuke, ni ya sufuria, haina pampu ya kutoa hewa, na hewa iliyonaswa ndani ya springi inazuia mvuke. Uamuzi: koleo na kidhibiti mdomo ni vya kutumika mara moja, vinahesabiwa kwenye bei ya kipimo. Kuosha koleo la mara moja ili litumike tena ni akiba ya uongo.

Otoklevu inabaki kwa chupa za maji za skopu na vyombo vidogo vya chuma. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kilopaskali 89 hivi badala ya 101. Geji inasoma tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo pauni 15 kwa inchi ya mraba ambazo Dar es Salaam zinatoa nyuzi 121, hapa zinaishia karibu na 119. Unahitaji karibu pauni 17. Mtu anayefuata kibandiko cha mtengenezaji bila kuangalia joto anapika vyombo pungufu kila siku na geji inamwambia yuko sawa. Otoklevu imewekewa kipimajoto, na muda unahesabiwa kuanzia nyuzi 121. Utepe wa kubadilika rangi unaonesha tu kwamba pakiti ilipata joto. Kipimo cha vijidudu cha otoklevu kinafanyika kila wiki. Kwa sababu hiyo hiyo ya mwinuko maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96, na kuchemsha hakujawahi kuwa kutakasa.

Chupa ya maji ya skopu inatakaswa kila siku na kujazwa maji tasa. Ni chombo kinachosahaulika kuliko vyote chumbani, labda kwa sababu kina maji na watu wanaona maji kuwa ni usafi.

Sindano. Mwaka 2008 mjini Las Vegas, Marekani, iligundulika kuwa wagonjwa wa kituo cha vipimo vya skopu cha wagonjwa wa nje waliambukizwa homa ya ini C. Sirinji ya mgonjwa mmoja ilirudi kwenye kichupa cha dawa ya usingizi kuongeza dozi, na kilichobaki kwenye kichupa kikatumika kwa mwingine. Makumi ya maelfu ya watu walilazimika kuitwa kupimwa. Kanuni yetu ni sindano moja, sirinji moja, mgonjwa mmoja, na kichupa kilichobaki na nusu ya midazolamu, dawa ya usingizi, kinamwagwa mbele ya shahidi, kinaandikwa. Dawa inavutwa kwenye meza iliyo nje ya mkono wa anayeshika skopu. Spreya ya lidokeini ya kooni ina kibomba kinachoingia mdomoni: kila mgonjwa kibomba chake, la sivyo tunatumia jeli. Boksi la sindano linafungwa likifika robo tatu.

Swali linaloulizwa kila mafunzo: mwenye VVU au homa ya ini B awekwe mwisho wa orodha? Hapana. Wengi hawajapimwa, na taratibu inayotofautisha inakiri kuwa ya kawaida haitoshi. Zaidi ya hapo, orodha ya mlangoni inayomweka mtu mwisho kila mara inasema siri yake.

Oktoba: kukausha

Skopu kwa nje inakauka Dodoma ndani ya dakika chache, na hapo ndipo udanganyifu ulipo. Ndani ya njia ya milimita 2.8 yenye urefu wa zaidi ya mita 1 hewa haitembei yenyewe. Bakteria 10 waliobaki kwenye tone moja Ijumaa wanaweza kuwa mamilioni Jumatatu.

Spiriti ya asilimia 70 inapitishwa kila njia kwa sirinji, kisha hewa ya kompresa angalau dakika 10, kiwango ambacho viwango vya Marekani vya 2021 navyo vimekiweka. Kompresa ni ya aina isiyotumia oili, ina mtego wa maji na chujio, na regyuleta imefungwa isizidi shinikizo la kitabu cha skopu. Kompresa ya gereji inapuliza ukungu wa oili. Kuthibitisha: elekeza ncha kwenye karatasi ya rangi nyeusi sentimita 5, puliza. Doa lolote, dakika 5 nyingine.

Kabati lina chujio la hewa, skopu zinaning'inia wima bila kugusa chini, vali zimetolewa na kuwekwa kwenye kimfuko chenye matundu chenye namba ya skopu hiyo hiyo. Sanduku lililokuja na skopu lina sponji na halitakasiki, limepelekwa stoo kwa safari za matengenezo pekee. Skopu isiyotumika siku 7 inarudi kwenye kuosha kabla ya mgonjwa.

Umeme ukikatika katikati ya kukausha, kompresa inasimama. Jenereta ndogo inahudumia kompresa, feni na hita tu. Taa ya chumba ina betri.

Novemba: daftari na vipimo

Kila skopu ina mstari mmoja kwenye daftari: namba ya skopu, namba ya mgonjwa, saa ilipotoka kwa mgonjwa, matokeo ya uvujaji, joto la beseni, stripu, saa ya kuingia na kutoka kwenye dawa, dakika za hewa, jina la muoshaji. Saa inaandikwa kwa kuangalia ukutani. Safu ambayo kila siku inasoma dakika 12 kamili imejazwa jioni, na mkaguzi aliyezoea ataijua kwa wino wa kalamu moja.

Vipimo vya vijidudu ndani ya skopu ni kila miezi 3. Mililita 20 za maji chumvi tasa zinapitishwa njia ya biopsi, brashi tasa, kisha maji tena, chombo kinafika maabara kikiwa baridi siku hiyo hiyo. Kikomo tunachotumia ni cha Ulaya: koloni pungufu ya 20 kwa njia, na vimelea kama E. koli, Pseudomonas au Stafilokokasi orea visionekane kabisa. Aina ya kimelea inaonesha pa kutafuta. E. koli inaelekeza kwenye brashi na sabuni. Pseudomonas inaelekeza kwenye maji ya mwisho na kukausha, na maji ya bomba la chujio nayo yanachukuliwa sampuli. Stafilokokasi ni mikono au kabati. Skopu iliyozidi kikomo inakaa pembeni mpaka kipimo cha pili kiwe safi, hata kama ratiba itashuka hadi wagonjwa 3.

Yaliyobaki. Muoshaji wa pili hajapatikana. Akipatikana, ratiba inaweza kufika 9 kwa sharti la sinki ya ziada na gastroskopu ya tatu, maana mikono bila skopu haiongezi kitu. Kipima uvujaji cha akiba kimeagizwa. Katriji ya mikroni 0.2 inaisha mapema kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu ya chumvi, na kilainishi kinatakiwa kuoshwa kwa chumvi mara mbili kwa wiki badala ya moja. Mvua zikianza Desemba, tope la bomba litaongeza mzigo kwenye chujio la mchanga, kwa hiyo katriji mbili za ziada ziwe stoo kabla ya mwezi kuisha.